Kidole na Kamani: Uchambuzi wa Bastola Isiyo na Nyundo

Miongoni mwa silaha ambazo sheria ya Kenya humruhusu raia kuzimiliki kwa leseni, sidhani kama ipo inayosifiwa na kulaumiwa kwa haraka kuliko bastola ya kisasa isiyo na nyundo, ile ambayo sindano yake ya kupigia fataki hurushwa moja kwa moja na kamani iliyofichwa ndani ya kitelezi, na ambayo kwa nje haina kitasa chochote cha usalama ambacho kidole gumba kingeweza kukifunga na kukifungua. Wanaoisifu husema ni nyepesi na tayari wakati wote. Wanaoilaumu husema ni hatari kwa sababu hizo hizo mbili. Mimi ninayeimiliki moja kwa leseni huku Tongaren, na ambaye nimepata wasaa wa kuilinganisha, katika uwanja wa shabaha na chini ya macho ya mwalimu, na Ceska ya chuma ya mtindo wa zamani, naona kwamba pande zote mbili zinatazama mahali pasipofaa. Mafundi walioibuni bastola hii hawakuiondolea ulinzi wake. Waliuhamisha, wakautoa kwenye kidole gumba na kuutia ndani ya kifyatulio chenyewe, na kwa hiyo mtu hawezi kukihukumu kifyatulio hicho kwa haki mpaka aihukumu na ala inayokifunika.

Wazo la sindano badala ya nyundo si geni hata kidogo. Bastola ya Georg Luger, iliyokubaliwa na jeshi la Ujerumani mwaka 1908, ilikuwa ya sindano. Na ile ndogo aliyoibuni Mmarekani John Browning, ikatengenezwa Ubelgiji kwa jina la mwaka 1910, ilikuwa ya sindano vilevile, nayo ndiyo iliyotumika Sarajevo mwaka 1914 katika mauaji yaliyowasha vita ambavyo moto wake haukukawia kufika Taveta, Tanga na Bukoba. Lakini katika silaha hizo za kale sindano ilikaa imevutwa kikamilifu, ikingoja kuachiwa tu, na ndiyo maana ilibidi ziwe na vitasa vya kuzifunga. Jambo alilolieneza Gaston Glock, mhandisi wa Austria ambaye kiwanda chake kilikuwa kikitengeneza visu na sepeto za kijeshi wala hakikuwa kimewahi kutengeneza bastola, ni kuiacha kamani katika hali ya kuvutwa nusu. Jeshi la nchi yake liliikubali kazi yake mwaka 1982, na wahunzi wa silaha wa nchi nyingine, baada ya kuipinga kwa miaka kadhaa, wakaishia kuiiga.

Kwa kuwa hapa ndipo penye kiini cha mambo, sharti tuende polepole. Kitelezi kinaporudi nyuma kwa nguvu ya risasi iliyotoka na kisha kusogea mbele tena, mguu wa sindano hunaswa na utepe wa chuma unaounganishwa na kifyatulio, na kamani hubaki imevutika kwa sehemu tu, isiwe na nguvu za kutosha kuiwasha fataki kama kawaida. Kidole kinapokivuta kifyatulio, matendo matatu hufanyika kwa mvuto ule ule mmoja: sindano husukumwa nyuma zaidi mpaka kamani ivutike kabisa, kigingi kidogo kinachoiziba njia ya sindano, kisiiache ifike kwenye fataki, huinuliwa, na mwishoni ule utepe hushushwa chini na kipande cha chuma kilichopinda, mguu wa sindano ukaachiwa, nayo ikaruka mbele. Kidole kikiondoka kabla ya mwisho wa safari hiyo, kila kitu hurudi mahali pake. Mvuto wenyewe huhitaji nguvu ya takriban kilo mbili na nusu, na haubadiliki: risasi ya kwanza na ya kumi na saba zinadai kidole kile kile na safari ile ile.

Usawa huu, kwa maoni yangu, ndio fadhila kuu ya silaha hii, na anayetaka kuuthamini na aishike kwanza ile Ceska ya mwaka 1975, kazi ya ndugu wawili wa Kicheki, Josef na František Koucký, ambayo katika Kenya imeenea kwa polisi na kwa raia hata jina lake likawa karibu ni jina la bastola kwa jumla. Ikiwa nyundo yake imelala, mvuto wa kwanza ni mrefu na mzito, kwa kuwa kidole ndicho kinachoiinua nyundo. Mvuto wa pili, nyundo ikiwa imekwisha inuliwa na kitelezi, ni mfupi na mwepesi, nao hukatika safi kama bua kavu la mahindi lililosahauliwa shambani hata Januari. Sijapata kuvuta kifyatulio kitamu kuliko huo mvuto wa pili. Ila mkono wa mtu aliyefazaika hauna nafasi ya kujifunza mivuto miwili, na aghalabu risasi ya kwanza huenda chini na ya pili huenda kusikotarajiwa. Fauka ya hayo, katika umbo lake la asili, anayetaka kuilaza nyundo juu ya risasi iliyomo ndani ya kasiba hulazimika kuishika kwa kidole gumba huku akivuta kifyatulio, na kitendo hicho, kikifanywa jioni na mtu aliyechoka, kimebeba hatari kubwa kuliko yote wanayoilaumu Glock.

Ama utamu, Glock haina. Kifyatulio chake huanza kwa ulegevu mrefu kidogo ambao kidole huupita bila taabu. Kisha hukutana na kizingiti ambacho si kigumu bali kinabonyea. Kisha, pasipo ishara bayana ya saa yenyewe, huachia. Mwenye kupenda ufundi wa saa na vyombo vya thamani hatakisifu. Lakini baada ya risasi kutoka, kidole kikilegezwa mbele kwa hatua fupi sana, husikika na kuhisika mguso wa kitu kilichokaa mahali pake, na hapo kifyatulio kiko tayari tena bila kurudi safari yote. Na mpiga shabaha aliyeuzoea mguso huo hukishika kizingiti na kuendelea, shabaha yake ikiwa haijatikisika. Wacheki walipotoa bastola yao ya sindano, P-10 C, mwaka 2017, waliiacha kamani yake ikiwa imevutwa karibu yote, na kwa hiyo kizingiti chake kiko imara zaidi na mkatiko wake ni safi. Ni kifyatulio bora kwa kidole. Nami ningekichagua kwa ajili ya mashindano ya shabaha kama yale ya Kirigiti, Kiambu, bila ya kusita.

Msomaji atauliza ulinzi uko wapi, maadamu hapana kitasa. Uko katika kile kigingi cha ndani, uko katika mguu wa sindano usioweza kuteleza mpaka utepe ushuke, na uko katika kile kilimi chembamba kinachojitokeza katikati ya kifyatulio, ambacho kwa macho ya mgeni huonekana kuwa urembo. Kilimi kisipobonyezwa na kidole kilichokaa sawasawa, kifyatulio hakisogei. Sababu yake ni uzito: kifyatulio nacho ni kitu chenye uzito, na bastola ikianguka ikagonga ardhi kwa nyuma, mwili wake husimama ghafla ilhali kifyatulio kinataka kuendelea na safari. Mwaka 2017 kampuni ya SIG Sauer, muda mfupi baada ya bastola yake P320 kuchaguliwa na jeshi la Marekani, ilitangaza kuzirekebisha bila malipo zile zilizokwisha kuuzwa kwa raia, baada ya majaribio kuonyesha kwamba zikianguka kwa pembe fulani zingeweza kufyatuka. Na sehemu kubwa ya dawa yake ilikuwa kuweka kifyatulio chepesi zaidi kwa mizani.

Wapo waliotafuta usalama kwa kuongeza uzito wa mvuto. Idara ya polisi ya New York, ilipoziacha bastola za silinda katika miaka ya tisini, iliagiza Glock zenye kamani nzito iliyoupandisha mvuto hadi ratili kumi na mbili, yaani kilo tano na zaidi. Sikubaliani na rai hiyo. Kidole kinachopigana na kifyatulio huuvuta mkono wote pamoja nacho, na ncha ya kasiba huinama kabla risasi haijatoka. Na risasi iliyoikosa shabaha yake katika soko la Kitale au kituo cha magari cha Webuye haipotei hewani, bali humfikia mtu.

Ama ushikaji wake, plastiki ya mpini huufanya uzito ukae juu na mbele, na bastola yenye risasi zote haifiki kilo moja, jambo ambalo kiuno hushukuru kwa safari ndefu. Kasiba imekaa chini karibu na mkono, kwa hiyo mshindo husukuma nyuma zaidi kuliko kuiinua ncha juu. Ila mpini umeinama kwa pembe kubwa kuliko ya Ceska, na aliyezoea Ceska, akiiinua Glock bila kutazama, huikuta ikielekea juu ya shabaha mpaka kiwiko chake kifundishwe upya. Wenye viganja vidogo walilalamika tangu zamani, na toleo la nne la mwaka 2010 liliwaletea migongo ya mpini ya kubadilishwa. Toleo la tano la mwaka 2017 likaiondoa ile mifuo ya vidole ambayo haikumfaa ila aliyejaaliwa vidole vya kipimo cha kiwandani.

Katika nchi yetu ya mahindi kuna adui ambaye vitabu vya Ulaya havimtaji. Wakati wa kupukuchua, vumbi la makapi huingia kila mahali, na mwenye silaha, kwa kuiogopa kutu ya mvua za masika, huimwagia mafuta mengi. Mafuta yale hushuka katika njia ya sindano, yakachanganyika na vumbi, yakawa utando mzito unaoipunguza sindano mwendo wake, hata ikaigusa fataki pasipo kuiwasha. Njia ya sindano yapasa kubaki kavu kabisa. Mafuta ni tone moja moja juu ya reli za kitelezi na pale utepe unapokutana na kile kipande kilichopinda. Na fataki isipowaka, haina faida kuvuta kifyatulio mara ya pili kama wafanyavyo wenye Ceska, kwa maana kifyatulio cha Glock hubaki kimelala nyuma mpaka kitelezi kivutwe.

Sasa tuje kwenye ala, ambayo nimesema ndiyo nusu ya pili ya ulinzi. Kilimi hakibagui kidole na kitu kingine: pindo la koti, uzi wa kufungia sweta dhidi ya baridi ya asubuhi, au mdomo wa ala ya ngozi laini uliochakaa na kujikunja kwa ndani, vyote vikisukumwa ndani ya pete ya kifyatulio hufanya kazi ya kidole kwa ukamilifu. Nimeziona ala zilizoshonwa na mafundi wetu wa viatu kwa ustadi wa kupendeza, zikafaa kwa bastola ya nyundo iliyolala, ila kwa hii hazifai, kwa kuwa ngozi huloa mvua, hukauka kwa jua, na hupinda. Inayotakiwa ni ala ngumu iliyofinyangwa kwa kipimo cha bastola yenyewe, inayoifunika pete ya kifyatulio pande zote na isiyoachia mtu anaporushwa na pikipiki katika mashimo ya barabara zetu za udongo. Ikae pia mahali ambapo nguo huifunika daima. Watu wa Mlima Elgon na vijiji vinavyoutazama walionja mwaka 2006 hadi 2008 maana ya bunduki mikononi mwa kikosi cha Sabaot Land Defence Force, kisha operesheni ya jeshi iliyofuata, na si adabu kumwonyesha mtu mpini wa bastola kanisani au mnadani, hata kama karatasi zako zilipita katika ule uhakiki wa wenye leseni wote ulioamriwa na serikali Desemba 2018.

Limebaki jambo moja ambalo kwalo nawalaumu mafundi wa Austria, na Wacheki waliowafuata. Ili kuifungua Glock kwa kuisafisha, kitelezi hakitoki mpaka kifyatulio kivutwe kwanza. Anayejua hutoa magazini, huvuta kitelezi, hutazama ndani ya kasiba kwa jicho na kupapasa kwa kidole, kisha huielekeza silaha kwenye gunia la mchanga ndipo avute. Lakini aliyetanguliza kuvuta kitelezi na kutoa magazini baadaye, amekwisha kuiingiza risasi nyingine ndani ya kasiba kwa mkono wake mwenyewe. Smith & Wesson katika bastola yao ya M&P waliweka kitenzo kidogo cha ndani kinachoitenga sindano bila kugusa kifyatulio, na SIG katika P320 wakafanya kitelezi kitoke bila mvuto wowote. Jambo hilo linawezekana, na gharama yake ni ndogo. Basi anayenunua leo, vingine vyote vikiwa sawa mkononi mwake, na apime sifa hiyo kwa uzito ule ule anaoupimia wepesi wa mvuto.