Kiwanda cha Nyumba ya Lamu na Bustani ya Kiwanja Chako

Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 20, kile ambacho wengi wetu Dar es Salaam hujibana miaka kadhaa mpaka tukipate. Fundi anafika, anafunga kamba, na nyumba ya mita 12 kwa 12 anaiweka katikati. Kiwanja ni mita za mraba 400, nyumba imechukua 144, zimebaki 256. Kwa hesabu, eneo la wazi ni kubwa kuliko nyumba. Lakini mwenye nyumba akitoka nje halioni, kwa sababu limegeuka ukanda wa mita 4 unaozunguka kuta: huku gari, huku karo, huku kamba ya nguo, huku tangi. Akipanda ukoka, unakanyagwa ukafa. Akitaka kukaa jioni na wageni, anatoa viti barazani na kutazama geti.

Ukoka hauna kosa. Kosa lilifanyika siku kamba zilipofungwa.

Waashi wa Lamu, mji ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2001, walianzia upande wa pili. Katika nyumba zao za mawe, eneo lisilo na paa halikuwa masalio ya ujenzi. Liliitwa kiwanda, neno ambalo leo linatufanya tuwaze mashine, na vyumba vyote viliishi kwa kulitegemea. Unaingia kwa daka, lenye mabaraza ya mawe kulia na kushoto. Unapita mlango wa kuchonga, unakuta tekani, halafu unakata kona. Hapo ndipo unapokutana na kiwanda. Hiyo kona naihesabu kuwa kazi bora kuliko nakshi zote za mlangoni. Mlango unaweza kuachwa wazi mchana kutwa na mpita njia asione kitu ila ukuta. Bustani ya ndani haikuhitaji uzio wala michongoma, maana nyumba yenyewe ilikuwa uzio.

Mbele ya kiwanda ziko misana, msana wa tini kisha msana wa yuu, vyumba virefu na vyembamba vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine. Wembamba wake umetokana na boriti. Boriti za mikoko zinabeba dari nzito ya mawe na chokaa, na kwa uzito huo hazivuki sana mita 3 bila kupinda. Fundi aliyefungwa na urefu wa mti akaugeuza upungufu huo kuwa faida: chumba kikiwa chembamba, mwanga wa kiwandani unakifikia chote na kuvuka hadi cha nyuma. Sakafu nayo hupanda kidogo kila ukiingia ndani, hivyo aliyekaa nyuma anamtazama aliye mbele kwa juu, na bado anakiona kiwanda.

Kuhusu jua, lazima tukubali kwamba nakala ya kiwanda hapa Dar es Salaam haiwezi kuwa sawa na asili. Lamu iko karibu nyuzi 2 kusini mwa ikweta. Kuta ndefu zinakinga jua la asubuhi na la jioni, na kiwanda hupigwa na jua kali kwa saa chache za mchana tu. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini. Mwishoni mwa Juni, saa sita mchana, ukuta wa mita 3 hutupa kivuli cha mita 1.7 upande wa kusini. Mwishoni mwa Desemba kivuli hicho hubadili upande, kinalala kaskazini, na hakifiki hata mita 1. Kwa hiyo kivuli cha mchana si cha kutegemea. Jua linalotuunguza kweli ni la alasiri, kutoka magharibi. Weka eneo la wazi upande wa mashariki wa nyumba, na kuanzia saa tisa kivuli cha nyumba yako kitazidi kulifunika kadiri jua linavyoshuka, bila turubai. Upepo wa baharini nao unatoka upande huohuo.

Sasa irudishe nyumba ileile ya mita 12 kwenye kiwanja kilekile, lakini uisogeze magharibi mpaka ibaki mita 1.5 kutoka mpakani, ikiwa masharti ya ujenzi ya eneo lako yanaruhusu. Mashariki unapata uwanja wa mita 6.5 kwa 20, yaani mita za mraba 130 zilizo pamoja. Hukuongeza hata tofali. Ukiijenga kwa umbo la mkono uliopinda, kuta mbili zitaukumbatia uwanja huo na utakuwa umekaribia kiwanda kabisa.

Mimea ifuate nafasi. Mwasumini unatosha kwenye kona ya dirisha. Vitumba huchumwa jioni vikiwa bado vimefumba, vyeupe na vigumu kama punje za mchele, na usiku vinafunguka ndani ya sahani chumba kizima kinukie. Mrehani na mchaichai vikae karibu na jiko, mgomba pale maji ya bafuni yanapotokea. Mlangilangi usiusogeze nyumbani. Mimi niliupanda mita 2 kutoka ukutani kwa kupenda harufu yake, ukapita paa, ukajaza majani kwenye mifereji, na niliukata kwa uchungu.

Maji yasiachwe yakimbilie barabarani. Mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita za mraba 144 inaleta hadi lita 2,880. Wa Lamu waliyahifadhi maji ya kuogea kwenye birika, wakaweka samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na bakuli la kaure chini kabisa ili samaki wapate maji hata birika likikaribia kukauka. Tangi lako halihitaji bakuli, linahitaji mfuniko.

Anayeishi tayari katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati, ana uani nyuma, na kazi yake ni kupanga upya jiko na kamba za nguo. Wa ghorofani ahesabu uzito kwanza: ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa hupita kilo 30, na ndoo kumi ukingoni mwa roshani ni mzigo wa kumuuliza mhandisi.

Wewe ambaye hujajenga bado, nenda kiwanjani saa kumi alasiri, ujue jua linapiga wapi. Chora kwanza mahali mtakapokaa jioni. Fundi afunge kamba zake katika eneo lililobaki.