Mahaba, Risasi na Ndege: Wasomaji Wetu Wanasemaje Kuhusu Riwaya Pendwa?

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa pili nafasi ya kujichagulia riwaya moja ya Kiswahili nje ya zile za silabasi. Tulitarajia wangechukua Shaaban Robert au Kezilahabi. Wengi wao walileta riwaya za A. E. Musiba na Ben Mtobwa, nyingine zikiwa zimechakaa na kukosa jalada, zilizoazimwa kwa jamaa wa Nyamirambo au kuletwa na ndugu waliotoka Dar es Salaam. Baadhi ya walimu wenzetu walishtuka. Walisema vitabu hivyo vimejaa mahaba ya wazi, risasi na safari za ndege, na kwamba havifai kuingia darasani. Katika makala haya tunakusudia kuyapima maoni hayo pamoja na ya wasomaji wenyewe, kisha tutoe msimamo wetu.

Kwanza tuangalie historia kwa ufupi. Muhammed Said Abdulla alipotoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, mpelelezi wake Bwana Msa alifumbua mafumbo Unguja kwa akili na kiko chake. Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo ya mwaka 1965, aliuhamishia upelelezi katika mji wa Dar es Salaam. Musiba ndiye aliyempandisha mpelelezi ndege. Katika Kufa na Kupona (1974) Willy Gamba anafika Nairobi, na katika Kikosi cha Kisasi (1979) anafika Kinshasa. Kazi yake ni kupambana na maadui wa ukombozi wa Afrika, na njiani hakosi hoteli nzuri wala mwanamke mrembo.

Miaka hiyo ina maana yake. Mwaka 1974 Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa bado na shirika moja la ndege. Shirika hilo lilikufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983. Kwa hiyo msomaji wa Kikosi cha Kisasi alikuwa akimsoma Mwafrika anayeruka juu ya mipaka wakati yeye mwenyewe hawezi hata kuvuka Namanga. Tusishangae basi kwamba ndege ilipendwa. Ilikuwa ndoto ya utajiri, na pia ilikuwa ndoto ya umoja.

Sasa tuje kwa wasomaji wetu. Kundi la kwanza lilisifu kasi. Walisema kwamba kwa mara ya kwanza walimaliza kitabu kizima cha Kiswahili bila kulazimishwa na mtihani. Waliongeza kwamba walipata maneno ambayo vitabu vyao vya kiada haviwapi: rubani, abiria, mhudumu wa ndege, forodha, uhamiaji, kupaa na kutua. Hoja hii ni nzito kwetu. Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kikawa lugha rasmi nchini mwaka 2017. Hata hivyo, wanafunzi wengi bado hukikuta Kiswahili darasani tu, na hukiacha huko huko kengele inapolia.

Kundi la pili lilikuwa hasa la wasichana. Wao hawakulalamikia mahaba yenyewe. Mmoja alituambia, "Mwalimu, mapenzi yapo, hata sisi tunayajua. Tatizo ni kwamba mwanamke anaelezwa umbo kabla hajatajwa jina, na akishalala na shujaa hatujui tena anafikiri nini." Tunaona kwamba huu ni uhakiki bora kuliko wa wale wanaotaka vitabu vifungiwe. Kasoro kubwa ya mahaba katika riwaya nyingi za aina hii ni ya kisanaa: maneno ni yale yale, warembo wanafanana, na kila mji una wake, kana kwamba ni sehemu ya tiketi. Mtobwa amejitahidi zaidi hapa. Nuru, mwenzi wa mpelelezi Joram Kiango, anarudi kitabu baada ya kitabu akiwa mshirika wa kazi, ingawa naye hasalimiki na sifa za umbo lake.

Maoni ya tatu yalitoka kwa mwanafunzi mmoja tu, naye alisema polepole. Alisema kwamba yeye hawezi kusoma habari za ndege kulipuliwa au kutunguliwa kama burudani. Darasa lilinyamaza. Hapa Rebero hatuhitaji maelezo. Ndege iliyotunguliwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ilikuwa ikikaribia kutua Kanombe, na yaliyofuata ni mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Kila mwaka tarehe 13 Aprili nchi hukumbuka hapa hapa mlimani petu wanasiasa waliouawa kwa kuyapinga. Riwaya pendwa huifanya hatari iwe tamu kwa sababu msomaji anajua shujaa atapona. Msomaji huyu anatoka mahali ambapo watu hawakupona. Mwalimu anayegawa vitabu hivi bila kulifikiria hilo amekosea, na sisi tunakiri kwamba hatukuwa tumelifikiria.

Je, tuvifungie? Hatukubali. Mwanafunzi huyo hakuomba kitabu kiondolewe. Aliomba asilazimishwe, na aliomba tukizungumze. Tukivitoa maktabani, vitaendelea kusomwa chini ya madawati bila mwalimu wa kuuliza swali. Tunapendekeza mambo matatu. Mosi, riwaya hizi ziwekwe maktabani kwa hiari ya msomaji. Pili, darasani zisomwe sambamba na riwaya nyingine, kwa mfano Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971), ambayo nayo ilizua mabishano kwa sababu ya mapenzi lakini inamwacha mwanamke awe na nafsi. Tatu, wanafunzi waandike sura moja upya, safari hiyo hiyo ya ndege ikisimuliwa na yule mwanamke wa kiti cha jirani.

Kazi hiyo ya tatu tumekwisha kuijaribu. Mwanafunzi aliyekuwa mgumu kuliko wote kuandika insha ametuletea kurasa sita, na katika kurasa zake yule mwanamke anashuka uwanjani akiwa na jina, na mzigo wake ameubeba mwenyewe. Walimu wenzetu wenye maoni tofauti wanakaribishwa kuyaleta kwa toleo lijalo.