Mfalme wa Shupaza na Mkono Mtupu: Jinsi Moneymaker Alivyomtupisha Farha Karata

Mei 2003, katika kasino ya Binion's Horseshoe mjini Las Vegas, wachezaji 839 waliingia kwenye shindano kuu la World Series of Poker, kiingilio dola 10,000 kwa kila kiti. Siku ya mwisho walibaki wawili. Sam Farha, mzaliwa wa Lebanon, alikuwa mzoefu wa meza za fedha nzito, suti kifuani wazi na sigara isiyowashwa mdomoni. Mwenzake, Chris Moneymaker, alikuwa mhasibu wa miaka 27 kutoka Tennessee ambaye nafasi yake ilitokana na mchujo wa intaneti uliomgharimu dola 86. Mchujo wa namna hiyo, ambapo unashindania kiti badala ya fedha, huitwa setilaiti. Jina lake la ukoo, ambalo kwa Kiingereza ni "mtengeneza pesa", halikuwa la kujibandika, amezaliwa nalo.

Mshindi angechukua dola milioni 2.5, wa pili milioni 1.3. Katikati ya pambano hilo ulichezwa mkono mmoja ambao mtangazaji wa ESPN aliutawaza kuwa blufu ya karne, ingawa karne yenyewe ilikuwa na miaka mitatu tu. Nauchambua hapa hatua kwa hatua, kwa sababu karibu kila istilahi anayohitaji mtu mgeni kwenye poka imo ndani yake, na kwa sababu sifa zake nyingi zimeelekezwa mahali pasipostahili. Watu husifu msukumo wa mwisho. Kwa maoni yangu kazi kubwa ilifanyika karata moja kabla.

Mchezo wenyewe unaitwa Texas Hold'em. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa mezani kwa ajili ya wote: tatu kwa mpigo, ambazo ni flopu; ya nne, teni; ya tano, riva. Mkono wako ni karata tano bora kati ya saba hizo. Aliyezoea arubastini asahau habari ya turufu. Hapa shupaza haizidi kopa, wala uru haizidi pau. Kinachopimwa ni mpangilio. Pea moja iko chini, juu yake pea mbili, kisha tatu zenye namba sawa, streti ambayo ni tano zinazofuatana, flashi ambayo ni tano za aina moja, halafu fuli hausi, yaani tatu za namba moja pamoja na pea. Vilivyo juu ya hapo ni adimu kiasi kwamba mgeni anaweza kuviahirisha.

Kabla karata hazijagawiwa kuna dau la lazima, blaindi. Bila hilo kila mtu angekaa akisubiri ree mbili na mchezo usingeanza. Blaindi ndogo ilikuwa chipu 20,000 na kubwa 40,000. Chipu hizo si dola, na hapa wengi huteleza. Kila aliyelipa kiingilio alipewa chipu 10,000, kwa hiyo mezani kulikuwa na chipu milioni 8.39, zao wenyewe pamoja na zilizokusanywa kutoka kwa watu 837 waliokwisha kutolewa. Huwezi kuzipeleka dirishani zikabadilishwa. Zikiisha, umetoka.

Moneymaker alipata mfalme wa shupaza na saba ya kopa. Farha alipata malkia wa shupaza na tisa ya kopa. Ukibaki na mpinzani mmoja, karata za wastani kama hizi zinachezeka. Mezani penye watu tisa zingetupwa bila kufikiri. Moneymaker akareizi, yaani akapandisha dau hadi 100,000. Farha akakoli, yaani akalipia tofauti ili abaki mchezoni. Mbele yao palikuwa na chipu 200,000 na ushee. Rundo hilo ndilo poti, na ndilo linalogombewa.

Moneymaker alikuwa na batani, alama ya mgawaji. Mkiwa wawili, mwenye batani huanza kuzungumza kabla ya flopu, lakini baada ya hapo huzungumza wa mwisho kila mara. Faida hiyo huitwa pozisheni. Ningekuwa namfundisha mtu neno moja tu la poka ningeanza na hilo, kwa sababu anayezungumza wa mwisho ameshaona mwenzake amefanya nini.

Flopu ikaja: tisa ya shupaza, mbili ya uru, sita ya shupaza. Farha sasa ana pea ya tisa, kubwa kuliko pea yoyote ambayo mtu angeweza kuipata kutoka mezani hapo. Hiyo ni topu pea. Malkia wake ni kika, karata ya pembeni inayoamua pale wawili wanapokuwa na pea ileile. Farha akacheki, yaani akapitisha zamu bila kuweka dau. Huenda alitaka kumtega mpinzani. Moneymaker, asiye na kitu, naye akacheki. Utulivu huo ulimgharimu Farha zaidi kuliko ulivyoonekana, kwa sababu mpinzani alipata karata ya nne bila kulipa senti.

Karata hiyo ya bure ilikuwa nane ya shupaza.

Mezani sasa pana tisa, sita na nane, zote shupaza, pamoja na mbili ya uru. Farha bado anaongoza kwa pea yake, na malkia wake wa shupaza anamweka karata moja tu mbali na flashi. Akaweka dau la 300,000, kubwa kuliko poti yenyewe. Lakini tazama alichonacho Moneymaker. Mfalme wake wa shupaza anaifanya flashi yake, ikitimia, iwe juu ya ile ya Farha. Saba yake pamoja na sita, nane na tisa ni karata nne zinazofuatana zilizo wazi pande zote mbili: tano au kumi yoyote inakamilisha streti.

Hapa ndipo zinapoingia auti, karata zilizobaki ambazo zikitoka zinaugeuza mkono unaopoteza kuwa unaoshinda. Tuzihesabu kwa macho ya anayeona karata zote nne za siri. Shupaza zilizobaki ni nane, kwa kuwa tatu ziko mezani na mbili mikononi mwao. Kumi tatu zisizo za shupaza na tano tatu zisizo za shupaza zinaleta streti. Wafalme watatu waliobaki wanatoa pea inayoishinda ya tisa. Jumla ni 17, kati ya karata 44 ambazo hazijaonekana, karibu asilimia 39. Kwa mtu ambaye wakati huo mkononi hana hata pea, hiyo si hali ya kuhurumiwa.

Akapandisha hadi 800,000.

Kitendo hiki kina jina lake, nusu blufu: unaweka dau na mkono ambao kwa sasa unapoteza, lakini ukilipiwa bado una njia ya kushinda. Hesabu yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kufanya biashara. Alihatarisha 800,000 ili apate takribani 500,000 zilizokuwa tayari kwenye poti. Kama karata zake zisingekuwa na matumaini yoyote, Farha angepaswa kutupa mara sita na zaidi kati ya kumi ndipo jambo lilipe. Kwa kuwa alikuwa na auti 17, kiwango hicho kinashuka sana. Uwezekano wa mpinzani kutupa na uwezekano wa karata kufika vinafanya kazi pamoja, kimoja kikibeba udhaifu wa kingine. Anayeanza mara nyingi hudhani kublufu ni kujitosa bila chochote. Wazoefu hupenda kujitosa wakiwa na kitu nusu.

Farha naye alikuwa na hesabu yake. Ilimbidi aongeze 500,000 ili agombee poti ambayo ingefika milioni 1.8. Uwiano huo kati ya unacholipa na kilichopo huitwa bei ya poti. Kwa bei hiyo alihitaji kushinda kama mara 28 tu katika 100. Mwenye topu pea na matumaini ya flashi hawezi kutupa hapo, na hakutupa. Akakoli. Sina la kumlaumu.

Riva ikaleta tatu ya kopa. Si shupaza, si tano, si kumi, si mfalme. Mapema zaidi katika shindano hilo, riva ilikuwa imemwokoa Moneymaker kwenye mkono mwingine. Walipobaki watu kumi, Phil Ivey, mmoja wa wachezaji bora wa zama zake, alikuwa na tisa mbili dhidi ya ree na malkia za Moneymaker. Flopu ilimpa mhasibu malkia watatu, teni ikamkamilishia Ivey fuli hausi ya tisa, chipu zote zikaingia kati, na riva ikatoa ree. Auti zilikuwa saba tu kati ya 44. Safari hii hakukuwa na msaada. Nusu blufu ikawa blufu kamili, kwa kuwa sasa mkono wake ulikuwa mfalme peke yake, bila pea.

Farha akacheki, na kwa kucheki aliacha nafasi. Angeweka dau mwenyewe, hata la wastani, sidhani kama mwenzake angethubutu. Moneymaker alitafakari, kisha akatangaza ol-ini, chipu zote.

Huwezi kublufu vizuri bila hadithi inayoshikamana tangu mwanzo, na hii ilishikamana. Fikiria mtu mwenye shupaza mbili mkononi. Kwenye flopu anaweza kucheki akisubiri. Nane ya shupaza inapotua, anapandisha. Tatu ya kopa haimbadilishii chochote, kwa hiyo anasukuma zote ili alipwe. Hatua zote za Moneymaker zinafanana na za mtu huyo. Dau kubwa la riva lingekuwa kelele tupu kama kwenye teni angelipia tu kimyakimya, kwa sababu flashi iliyokwisha kutimia kwa kawaida haikai kimya mbele ya dau la 300,000. Ndiyo maana nasema teni ndiyo iliyofanya kazi.

Kuna jambo jingine ambalo wachezaji wa sasa wangeliona haraka kuliko wale wa 2003. Karata zilizo mkononi mwako haziwezi kuwa mkononi mwa mwenzako. Hapo mezani kila streti iliyowezekana, isipokuwa ile ya mwenye nne na tano, ilihitaji saba, na Moneymaker alishika moja ya saba hizo. Alishika pia mfalme wa shupaza, akapunguza idadi ya flashi ambazo Farha angeweza kuwa nazo. Karata za namna hii huitwa vizuizi. Lakini kizuizi kinakata kuwili. Farha mwenye malkia wa shupaza alijua kwamba flashi za mpinzani nazo zimepungua, na hiyo ilikuwa sababu nzuri ya kulipa.

Alikaribia kuitumia. Alimtazama mwenzake na kumuuliza kwa sauti kama alikuwa akiisubiri flashi ikamkosa, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kauli hizo mezani hutupwa kama chambo, mtu ategemee shavu litetemeke au mkono ucheze. Ishara ya mwili inayovuja siri ni teli. Moneymaker alikaa nyuma ya miwani ya jua, hakujibu. Farha akafoldi: akazitupa karata zake, na milioni 1.8 zikavutwa upande wa pili na mtu asiye na hata pea.

Kanuni haimlazimishi aliyeshinda kwa njia hii kuonyesha karata. Sisi tunazijua kwa sababu ya kamera ndogo ya mezani iliyobuniwa na Henry Orenstein, Myahudi wa Poland aliyenusurika kambi za Wanazi, akawa mbunifu wa vitu vya watoto vya kuchezea nchini Marekani, na mwaka 1995 akapata hataza ya kuonyesha karata za siri kwa watazamaji. Bila kifaa hicho mkono huu ungekuwa mtu mmoja kusukuma chipu na mwingine kutikisa kichwa. Mwaka 2004, uliofuata mkono huu, shindano lilivuta watu 2,576.

Je, Farha alikosea? Ukiziona karata zote nne, ndiyo. Ukiona mbili zake tu, ni vigumu zaidi. Mkono wake ulikuwa unaishinda blufu peke yake. Flashi, streti, pea mbili na tatu zenye namba sawa zote zilikuwa mbele yake. Mtaalamu anayesoma kwamba mgeni wa intaneti, kwenye shindano lake la kwanza la ana kwa ana, hathubutu kusukuma kila kitu bila mkono, anasoma kitu ambacho kwa watu wengi kingekuwa kweli.

Mkono wa mwisho ulikuja baadaye. Farha alikuwa na ghulamu wa kopa na kumi ya uru, Moneymaker tano ya uru na nne ya shupaza. Flopu ikatoa ghulamu, tano na nne. Farha tena ana topu pea. Moneymaker, safari hii mwenye pea mbili, alianza kwa kucheki. Farha akaweka 175,000, Moneymaker akapandisha, na Farha akasukuma chipu zake zote. Zikalipiwa mara moja. Teni ilikuwa nane, iliyompa Farha auti nane. Riva ikawa tano, ikampa Moneymaker fuli hausi na ushindi.