Hisabu ya Mitaa ya Chicago na Haja ya Mgeni kwa Chombo cha GPS

Mgeni anayeingia Chicago aghalabu huusiwa asitoke nje bila ya chombo cha GPS, ama kilichomo ndani ya simu yake, ama kile kinachobandikwa garini mbele ya usukani. Na usia huo, ingawa hutolewa kwa nia njema, wastahili kuchunguzwa kabla ya kupokewa, kwa kuwa mji wenyewe ulikwisha kutengenezwa, tangu zaidi ya miaka 100 iliyopita, ili umwambie mtu alipo, aendako, na umbali uliopo baina ya mahali hapo pawili.

Matengenezo hayo yalizaliwa na dhiki. Mwaka 1889 Chicago iliunganishwa na miji midogo iliyoizunguka, na kila mji ukaja na majina yake ya njia na hisabu yake ya nyumba, hata jina moja likawa la njia kadhaa zisizojuana. Edward Paul Brennan, ambaye ujanani alipeleka majumbani bidhaa za duka la baba yake, na baadaye akawa mdai madeni wa kampuni ya ala za muziki, aliijua taabu hiyo kwa nyayo zake. Akakusanya habari za magazeti zilizoisimulia, na mwaka 1901 akatoa shauri kwamba mji mzima uhesabiwe kutoka mahali pamoja. Baraza la mji likaliridhia mwaka 1908, amri ikaanza kutumika tarehe 1 Septemba 1909, na mwaka 1911 ikaenezwa hata katikati ya mji, panapoitwa Loop.

Asili ya hisabu ni pale State Street inapokatana na Madison Street. Kila njia iendayo kaskazini au kusini huhesabiwa kutoka Madison, na kila iendayo mashariki au magharibi huhesabiwa kutoka State. Kila maili moja imepewa namba 800, na namba shufwa zimewekwa upande wa kaskazini na wa magharibi wa njia, ilhali witiri ziko upande wa kusini na wa mashariki. Kwa hiyo mtu aliyepewa anwani ya 1600 West Belmont, akiwa anajua kuwa Belmont imelala kwenye mstari wa 3200 kaskazini, atafahamu papo hapo, pasi na kumwuliza mtu wala chombo, kwamba nyumba hiyo iko maili nne kaskazini na maili mbili magharibi ya asili ya hisabu, na kwamba mlango wake uko upande wa kaskazini wa njia. Jiha nazo hazimpotezi, maadamu Ziwa Michigan liko mashariki siku zote.

Kanuni hii ina nyufa zake, nazo yafaa zijulikane. Upande wa kusini, maili tatu za kwanza hazifuati namba 800, bali ya kwanza inakomea 1200, ya pili 2200, na ya tatu 3100. Tena ziko njia za mshazari, kama vile Milwaukee na Archer, zilizofuata mapito ya zamani ya wenyeji wa asili, nazo huzikata nyingine kwa pembe zinazotatanisha. Wacker Drive, kwa kuwa yapinda pamoja na mto, hubeba jiha zote nne katika jina lake, na juu ya hayo ina njia nyingine chini yake.

Hapo ndipo mtu angedhani chombo kitamfaa zaidi, na kumbe hapo ndipo kinaposhindwa. GPS hupima muda ambao mawimbi huchukua kutoka kwenye setilaiti zilizo juu yapata kilomita 20,200, na huhitaji kuzipata nne kwa uchache. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300. Kwenye majumba marefu ya Loop mawimbi hugonga kuta kabla ya kufika, yakachelewa, na alama ya msafiri ikarukia mtaa wa pili. Na chini ya Wacker Drive hayafiki kabisa. Ongeza baridi ya Januari, inayodhoofisha betri ya simu.

Haimaanishi kuwa chombo hakina kazi. Dereva aliye katika barabara kuu, ambaye hana nafasi ya kusimama akapiga hisabu, anakihitaji, na hakuna kanuni ya namba iwezayo kumwonya kuwa mbele kuna msongamano. Lakini chombo humtii anayekiamuru hata akikosea: aliyeandika 1600 South Halsted mahali pa 1600 North Halsted atapelekwa kwa uaminifu zaidi ya maili tatu mbali na alikokusudia, ilhali ajuaye hisabu ataligundua kosa mara aonapo kuwa namba zinapanda kuelekea kusini. Basi mgeni wa miguu, na wa basi, na wa treni, hana shuruti ya kununua chombo. Na wa gari akinunue, baada ya kujifunza hisabu ya Brennan, apate kukisahihisha kinapokosea.