Picha Haivuji

Katika Kiswahili, kinachovuja ni paa, mtungi au ngalawa. Kitenzi hicho hakimtaji mtendaji: mvua imenyesha, makuti yamechakaa, maji yameingia, na wa kulaumiwa hayupo ila pengine mwenye nyumba aliyechelewa kuezeka. Ndicho kitenzi kilichochaguliwa, tangu magazeti ya udaku ya miaka ya 2000 hadi simu za leo, kuelezea tendo lisilofanana na mvua hata kidogo. Mwanamume aliyepewa picha na mwanamke aliyempenda huifungua simu yake, huitafuta picha, humteua wa kumpelekea, kisha hubonyeza. Matendo manne, yote ya makusudi. Asubuhi yake husemwa kwamba picha za fulani zimevuja. Aliyebonyeza amepotelea ndani ya sarufi. Anayeonekana ni mwenye paa.

Kosa hilo la sarufi limeambukiza matini mbili ambazo wapenzi wa ushairi hawana budi kuzitazama kwa jicho la uhakiki: sheria iliyoandikwa kumlinda aliyetendewa, na shairi la nasaha linalotungwa kumwonya. Sheria aghalabu haisomwi kama fasihi. Hata hivyo nayo huteua maneno, hujenga wahusika, humpa mmoja kauli ikamnyima mwingine; na pale mtunzi wake anapokosea neno, mtu halisi hulala rumande.

Tanzania ilipata Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, na ukiacha kifungu kimoja, sheria hiyo inatumika Bara na Zanzibar. Kifungu cha 14 kinakataza kuchapisha ponografia kwa njia ya kompyuta, na adhabu yake si ya mchezo: faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili, na ponografia ikihesabiwa kuwa ya kuamsha ashiki au ya kuchukiza, viwango hupanda hadi milioni 30 na miaka 10. Msomaji wa haraka ataridhika kwamba mkosaji amebanwa. Msomaji makini atauliza: mhusika mkuu wa kifungu hiki ni nani? Ni picha. Kinachopimwa ni uchafu wa kinachoonekana. Haiulizwi ni nani aliyemo, alikubali nini, alimpa nani na kwa sharti gani. Mfanyabiashara wa filamu za ngono na mchumba aliyeachwa akalipiza kisasi wamekalishwa benchi moja, na usalama wa mwanamke aliyemtumia mumewe picha unategemea namna askari wa zamu atakavyolielewa neno "kuchapisha". Kipo kifungu cha 23 kinachohusu kumtisha au kumsumbua mtu kwa njia ya mtandao, lakini hicho kinataka ithibitishwe kwamba mtumaji alikusudia kumtesa mwenzake. Aliyetuma ili wenzake wacheke ana mwanya wa kupita.

Hofu hii si ya kubuni. Uganda ilitia saini Sheria ya Kupinga Ponografia mwezi Februari 2014. Kabla mwaka haujaisha, picha za faragha za mwanamuziki mmoja wa kike zilisambazwa na mtu aliyekuwa mpenzi wake, na waziri aliyesimamia maadili akajitokeza kutaka akamatwe mwanamke. Waziri yule hakuipotosha sheria. Aliisoma kama ilivyoandikwa. Sheria inayopima uchafu humtafuta mchafu, na aliye karibu zaidi na picha ni yule aliyemo ndani yake. Ilichukua hadi Agosti 2021 kwa Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo kuvitangua vifungu vya msingi vya sheria hiyo, pamoja na tafsiri yenyewe ya neno ponografia.

Kenya imefanya vizuri zaidi kwa maneno machache tu. Kifungu cha 37 cha sheria yake ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta kinamtia hatiani anayesambaza picha ya faragha au ya aibu ya mtu mwingine. Thamani yote iko katika maneno hayo mawili, "mtu mwingine". Kwa hayo aliyepigwa picha ametolewa kizimbani, na kosa limewekwa baina ya watu wawili, mahali pake hasa. Lakini hapo hapo mtunzi ameyumba. Ameiunganisha picha ya faragha na picha ya aibu kana kwamba ni ndugu, na neno ridhaa hakuliandika kabisa. Adhabu nayo haizidi shilingi 200,000 au miaka 2, au vyote viwili.

Uingereza, yenye mahakama kongwe na wanasheria wasio na idadi, ilianguka katika shimo jirani. Sheria yake ya mwaka 2015 ilidai kwamba msambazaji awe amekusudia kumhuzunisha aliyemo. Kijana aliyesema alituma kwa kujigamba tu hakuwa na kesi ya kujibu. Ni Januari 2024, sheria mpya ya usalama wa mtandao ilipoanza kutumika, ndipo ilipotosha kuthibitisha kwamba mwenye sura hakukubali na kwamba msambazaji hakuwa na sababu ya kuamini kuwa alikubali. Miaka tisa ilipita kabla ya sheria kuacha kuchungulia moyo wa mtumaji ikamwendea aliyetumwa bila ya kuulizwa.

Neno ridhaa, basi, ndilo lililokosekana, na wanaotetea haki za wanawake wana haki ya kulidai. Lakini kwa sikio la mwambao neno hilo ni jembamba. Ridhaa hutolewa mara moja, na wakili hodari ataidai kuwa ilitolewa kwa jumla: alikubali kupigwa, basi alikubali yote. Kiswahili kina neno lenye mizizi mirefu zaidi, nalo ni amana. Kilichowekwa amana hakigeuki mali ya aliyewekewa. Hawezi kukiuza, kukiazima wala kukionesha, hata urafiki ukivunjika, hata mwekaji akiolewa kwengine. Na akifanya hivyo, tendo lake lina jina linaloeleweka na mtoto wa chuoni: khiyana. Tena amana haipimwi kwa usafi wa kitu kilichowekwa. Hakuna kadhi aliyewahi kumwachia mla amana kwa hoja kwamba mkufu ule haukuwa wa kupendeza. Mtu akiuliza, "Kwani picha yenyewe ilikuwa ya namna gani?", ameuliza swali lisilohusu kesi.

Utamaduni ulioliweka neno hilo uliijenga pia nyumba yake kwa fikra hiyo. Katika nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe, anayepita njiani hata mlango ukiwa wazi haoni ndani. Daka na kona vimewekwa vimkate jicho. Mgeni hubisha hodi mara tatu, asipojibiwa huondoka, wala hapitishi uso dirishani. Kanuni zote hizo zimewekwa juu ya anayetazama. Sitara katika maana hiyo si vazi la mwanamke peke yake. Ni wajibu wa jicho la mpita njia. Methali inalisema hilo kwa ukali kuliko kifungu chochote: aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Mwosha huona yote, na kwa sababu ameona, ulimi wake umefungwa. Wala hakuna aliyewahi kuwaza kumlaumu maiti kwa kuwa uchi mbele ya mwosha.

Ni hapa ndipo shairi la nasaha linapostahili kushitakiwa. Tungo za namna hii ni nyingi, redioni, magazetini na katika hafla za skuli, na kwa kawaida zimetimia vina na mizani. Upungufu wao uko katika nafsi inayosemeshwa. Shairi huanza kwa kumwita binti, humkumbusha heshima ya wazee wake, humtahadharisha na simu, humwonesha mwisho wa mwenzake aliyepotoka, kisha huhitimisha kwa dua. Beti kumi na mbili, na kijana aliyebonyeza hakuitwa hata mara moja. Yeye ni kama bahari katika mashairi ya wavuvi: yupo, ni hatari, na hasemeshwi. Kitenzi kinachopendwa huko ni "kujidhalilisha", na kiambishi hicho "ji" kinabeba hukumu nzima, kwani kinamfanya mtu mmoja kuwa mtenda na mtendwa. Gazeti la udaku lilimficha mkosaji kwa "kuvuja". Mshairi amemficha kwa "ji".

Watunzi hawa hupenda kujikinga na Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858. Kinga hiyo haisimami. Utendi ule ni wosia wa mama mgonjwa kwa mwanawe, umesemwa ndani ya nyumba na mtu mwenye uchungu naye, kabla ya jambo kutokea. Nao unahimiza dini, adabu, ulimi mwema na ukweli. Nasaha ya leo imeazima sauti ya mama ikaisemea hadharani, kwa binti wa mwenziwe, baada ya jambo kutokea. Sauti ni ile ile. Mahali pamebadilika, na mahali ni sehemu ya maana ya shairi.

Kisha kumezuka jambo ambalo nasaha hizo haziwezi kulijibu hata zikitaka. Akili mnemba sasa huunda mwili wa uchi chini ya uso uliotolewa katika picha ya harusi au ya kumaliza skuli. Msichana hakujipiga picha, hakumtumia mtu, hakumwamini mtu. Onyo zima la "usijipige" limebaki likielea. Ni kweli kwamba hapa neno amana nalo halitoshi, kwa kuwa hakuna kilichowekwa. Huu ni uzushi, na jina lake la zamani ni kumzulia mtu. Lakini jamii inayomtazama msichana huyo kwa jicho lile lile la jana imedhihirisha kwamba tangu mwanzo haikuwa ikihukumu tendo alilolifanya.

Mitaani Tanzania, picha na video za namna hii zimepata jina, "koneksheni", na watu huombana kwa jina hilo kama waombavyo chumvi. Kabla ya hapo neno lilimaanisha mtu wa kukushika mkono upate kazi au shehena bandarini. Mabadiliko hayo ya maana yangestahili makala ya peke yake, maana yamemtaja, pengine bila ya kukusudia, mhusika ambaye sheria, udaku na mashairi yote yamemsahau: anayeomba. Msambazaji mmoja asiyekuwa na waombaji ana picha moja tu ndani ya simu moja.

Aliyemo pichani, naye, huwa anatembea. Huanza kwa jamaa, akaenda kwa sheha, kisha kituoni kwenye dawati la jinsia na watoto, na kila mlango anaobisha unataka kuiona picha ili kuamini. Kwa hiyo kutafuta haki ni kuoneshwa tena, mara hii kwa ridhaa iliyolazimishwa na haja. Anachokitaka kwanza si kifungo cha mtu, anataka kiondoke. Sheria ya 2015 ina kifungu cha 45 kinachomwezesha mtu kumtaka mtoa huduma aondoe kilichowekwa kinyume cha sheria, lakini kinachojadiliwa zaidi hadharani ni faini na miaka ya jela. Marekani, katika sheria iliyotiwa saini Mei 2025, iliweka saa 48 kwa kampuni za mitandao kuiondoa picha baada ya mwenyewe kulalamika. Hapo angalau mtunzi wa sheria alijiuliza aliyetendewa anaamkaje kesho yake.

Jambo hili linawahusu watu wa lugha kuliko wanavyodhani. Kwa marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania Bara, na vifungu vilivyoandikwa kwa Kiingereza vinatafutiwa maneno. Mfasiri atakayeandika "picha chafu" atakuwa amekwisha toa hukumu kabla ya hakimu kuketi. Atakayeandika "picha ya faragha" atakuwa ameliacha swali wazi lielekezwe kwa aliyeivunja faragha. Washairi wa visiwani, ambao ni wepesi wa kulalamika neno baya linapoingia katika hotuba, hawajasikika katika shughuli hiyo.

Na hawawezi kusema kwamba hawana mfano wa kuufuata. Siti binti Saad, aliyerikodi sahani zake za kwanza Bombay mwaka 1928, alikuwa na wimbo uliosimulia mauaji ya mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam kuja Unguja. Muuaji alikimbia akavuka maji. Mahakama ya wakoloni ikaishia kuwatia ndani wanawake waliokuja kutoa ushahidi. Wimbo uliichukua kesi ile ukaisikilizisha upya mbele ya watu, kwa taarabu, na hakimu akiwa mmoja wa walioshitakiwa. Mwimbaji angeweza kuuita kwa jina la marehemu, au la msiba, au kwa onyo kwa wanawake wanaotoka usiku. Umejulikana tangu hapo, mjini na mashamba, kwa jina la mwanamume yule: "Kijiti".