Mtaala wa Kidato cha Kwanza na cha Pili Nchini Tanzania: Uhakiki wa Mvutano kati ya Mbinu na Lugha

Mtaala wa elimu ya sekondari wa mwaka 2005 uliihamisha Tanzania kutoka ufundishaji unaojikita katika maudhui kwenda ule unaojikita katika umahiri. Mwanafunzi alitarajiwa kudadisi, kujadili na kutetea hoja, na mwalimu awe mwezeshaji. Uhakiki huu unadai kuwa dhamira hiyo hukwama mapema, katika vidato viwili vya mwanzo, kwa sababu mbinu na lugha ya kufundishia vinavutana.

Wanafunzi wengi wanaoingia Kidato cha Kwanza wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na Kiingereza wamekijua kama somo tu. Baada ya hapo Baiolojia, Historia, Jiografia na Hisabati hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Hivyo, mtaala unadai mazungumzo kwa lugha ambayo mwanafunzi bado hawezi kuizungumza. Majadiliano ya vikundi hugeuka kuwa kunakili ubaoni, na swali la “kwa nini” huipisha amri ya “taja”. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa Kiswahili jinsi mmea unavyojitengenezea chakula huhesabiwa kuwa hajui, ilhali alichokosa ni msamiati.

Tatizo hili si geni kwa watunga sera. Mwaka 1982, Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia Kidato cha Kwanza mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 nayo ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, lakini madarasa ya sekondari yaliendelea na Kiingereza. Kilichobaki ni kozi ya awali ya Kiingereza ya majuma machache. Udhaifu wa kozi hiyo hauishii katika ufupi wake. Inaitenga lugha na somo, kana kwamba istilahi za Baiolojia zinaweza kujifunzwa nje ya Baiolojia.

Watetezi wa Kiingereza husema kuwa mzazi anataka mwanawe aijue lugha hiyo. Matakwa hayo ni halali. Hata hivyo, kama Martha Qorro alivyosisitiza katika maandiko yake, kufundisha lugha na kufundishia kwa lugha ni mambo mawili tofauti. Mtoto asiyeelewa somo hapati somo wala lugha.

Hata kabla ya sera kubadilika, vidato hivi viwili vinaweza kusanifiwa kuwa daraja: istilahi zitolewe kwa lugha zote mbili, hoja zijadiliwe kwa Kiswahili kabla ya kuandikwa kwa Kiingereza, na kila mwalimu wa somo abebe sehemu ya mzigo wa lugha. Hatua hizo zitakuwa bure iwapo upimaji wa Kidato cha Pili utabaki ulivyo, kwa kuwa mwalimu hufuata kinachopimwa. Marekebisho ya mtaala yasiyougusa mtihani huishia kwenye karatasi.