Kazi ya Wengi na Lugha ya Wazee: Mradi wa Maji Maji wa 1968

Uchapishaji wa kikundi cha wanafunzi chini ya usimamizi wa walimu wao si jambo geni katika vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki. Kwa kawaida husifiwa kwa methali isemayo kuwa kidole kimoja hakivunji chawa, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini methali hiyo haisemi ni kidole kipi kitakachotajwa baada ya kazi, wala haisemi habari za kazi hiyo zitasimuliwa kwa lugha gani. Maswali hayo mawili ndiyo yapasayo kuulizwa mradi wa namna hii unapohakikiwa, na mfano mwafaka wa kuyapimia ni Mradi wa Utafiti wa Maji Maji, ulioendeshwa mwaka 1968 na Idara ya Historia ya chuo cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki.

Haja ya mradi huo haikuwa na shaka. Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi mwezi wa Julai 1905, wananchi walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, vikaenea kusini yote ya nchi na kuendelea hadi 1907. Yaliyokuwa yameandikwa juu yake yalitoka zaidi kwa maofisa wa Kijerumani na wamisionari. Kijana aliyekuwa na miaka 15 vita vilipoanza alikuwa mzee wa miaka 78 mwaka 1968. Mtaalamu mmoja, hata angekuwa hodari namna gani, asingeweza kuwafikia mashahidi hao wote kabla hawajafariki. Kikundi cha wanafunzi kiliweza. Waliongozwa na John Iliffe, mwalimu wao, pamoja na Gilbert Gwassa, ambaye mwenyewe alikuwa akiandaa tasnifu ya uzamifu. Mwaka huo huo wawili hao walihariri kijitabu kiitwacho Records of the Maji Maji Rising, na baada yake zikafuata karatasi za wanafunzi wenyewe.

Kwa swali la kwanza, la majina, mradi huu wastahili kusifiwa. Utafiti wa Ungoni ulichapwa mwaka 1969 na East African Publishing House kwa majina ya O. B. Mapunda na G. P. Mpangara, wala haukumezwa ndani ya kitabu cha msimamizi. Desturi hiyo iliendelea katika Modern Tanzanians, mkusanyo wa wasifu uliohaririwa na Iliffe mwaka 1973. Humo kila sura ina mwandishi wake, naye mhariri amebaki kuwa mhariri. Gwassa naye alikamilisha tasnifu yake mwaka 1973, na makadirio yake kwamba watu 250,000 hadi 300,000 walipoteza maisha yangali yakitajwa na wanahistoria. Hata hivyo, tasnifu yenyewe haikutoka kama kitabu mpaka mwaka 2005, tena Ujerumani. Miaka 32 ni kungoja kurefu mno kwa kazi iliyohusu watu wa Kilwa na Umatumbi.

Kasoro ya mradi yaanza kuonekana katika maswali. Iliffe alikuwa amekwisha kuchapisha makala juu ya mpango wa vita hivyo mwaka 1967, yaani mwaka mmoja kabla ya wanafunzi kwenda vijijini. Humo alieleza jinsi imani ya maji ilivyowaunganisha watu wa makabila mbalimbali. Msimamizi mwenye nadharia si mkosaji, maana asiye na nadharia hajui aulize nini. Lakini mwanafunzi anayetumwa na mwalimu ambaye jibu lake limekwisha kuchapwa yumo katika hatari ya kusikia lile tu alilotumwa kulitafuta. Wanahistoria wa baadaye, hasa walioshiriki katika kitabu kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson mwaka 2010, wamesisitiza ugomvi wa mahali kwa mahali, njaa na mahusiano ya jirani, mambo ambayo picha ya umoja wa taifa iliyafunika.

Kasoro iliyo kubwa zaidi ni ya lugha. Wazee walisema kwa Kiswahili na kwa lugha zao za nyumbani, bali Records ilitoka kwa Kiingereza. Chukua habari ya Kinjeketile wa Ngarambe, aliyezama katika kidimbwi na kutoka nguo zake zikiwa kavu. Msomaji wa kijitabu aelezwa tukio. Hapewi neno alilotumia shahidi kuutaja ule uwezo uliompanda Kinjeketile, ikiwa ni pepo, mzimu au mungu. Hilo si pambo la lugha. Katika neno hilo ndimo imo imani yenyewe, na tafsiri ikiisha kuchagua badala ya shahidi, hakuna mhakiki awezaye kurudi nyuma kuipima. Ebrahim Hussein alimrejesha Kinjeketile katika Kiswahili kwa tamthilia yake ya 1969, lakini alifanya hivyo kama msanii. Maneno ya tamthilia ni yake, si ya wazee.

Yaweza kujibiwa kuwa karatasi ilikuwa ghali, kwamba watahini walisoma Kiingereza, na kwamba shabaha ilikuwa historia wala si isimu. Hoja hizo zina uzito, ila hazitoshi. Miaka 11 kabla ya mradi, Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki ilikuwa imechapisha Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley. Msomaji asiyeridhika na tafsiri ya Whiteley aweza kuisahihisha, kwa kuwa Kiswahili chenyewe kipo. Mzee wa Umatumbi aliyehojiwa mwaka 1968 alistahili heshima ile ile aliyopewa mshairi wa Lindi.

Jambo hili halihusu wakati uliopita tu. Nchini Kenya, viwango vilivyotolewa mwaka 2014 na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vilimtaka mwanafunzi wa uzamili achapishe makala moja, na wa uzamifu mawili. Chini ya sharti la namna hiyo ni rahisi kikundi kigeuke kiwanda cha makala, jina la msimamizi likitangulia na sauti ya aliyehojiwa ikisagwa kuwa jedwali. Idara za lugha za Kiafrika ndizo zenye wajibu wa kwanza wa kulikataa hilo. Mradi wao wapaswa kutoa mambo matatu kwa pamoja: jina la mwanafunzi juu ya sura aliyoiandika, jina la msimamizi mahali pa mhariri, na maneno ya shahidi kwa lugha aliyoyasema, hata kama ni kurasa chache mwishoni mwa kitabu. Wanafunzi wa 1968 walipata la kwanza na la pili. La tatu lilikuwa mikononi mwao walipoketi na wazee wale, na wengi wa wazee hao hawakuwapo tena kuulizwa mara ya pili.